Jinsi ya Kukataa Kuvunja Amri Ukiwa Kuruta: Mwongozo Kamili kwa Vijana wa Mombasa

Makuruta wengi wanaopata matatizo kambini hawakosi kujua sheria. Habari za simu, pombe na kuruka ua kila mmoja husomewa mapema na kuzisikia kwa masikio yake. Wanaangukia bwenini, usiku, wenzao wanane wakiwa wamewatazama na ulimi hauna neno.

Wanaojaribu kukataa nao hushindwa kwa njia tatu zilezile. Wa kwanza hutoa hotuba, akageuka ustadhi wa bweni. Wa pili hutoa udhuru wa uongo, na kesho yake udhuru ukiisha hana pa kujificha. Wa tatu hunyamaza akidhani kimya ni kukataa. Bwenini kimya huhesabiwa kuwa ndiyo.

Mwongozo huu ni wa barobaro au binti anayetoka Mombasa kwenda shule ya makuruta wa KDF (Jeshi la Ulinzi la Kenya) Eldoret, au mafunzo ya NYS (Huduma ya Vijana kwa Taifa) Gilgil. Pia ni wa yule anayerudi Mtongwe kwa mafunzo ya wanamaji, ambako kishawishi kina sura nyingine kwa sababu nyumbani ni karibu. Anza wiki mbili kabla ya kusafiri. Ukianza ukiwa tayari kambini bado utasaidika, ila hatua ya tatu itakuwa ngumu kwa kukosa faragha.

## Unachohitaji

- Barua yako ya wito. Orodha ya vitu iliyomo ndiyo ya kufuata. Usiongeze kitu kwa kuambiwa na jirani kwamba "huwa wanaruhusu".
- Kufuli mbili imara za sanduku, kila moja na funguo mbili.
- Saa ya mkono ya kawaida, isiyoshika intaneti wala kurekodi sauti.
- Daftari dogo la mfukoni na kalamu mbili.
- Nambari tatu za simu ulizozihifadhi kichwani: mzazi au mlezi, ndugu mmoja, na mtu mzima unayemheshimu nje ya familia.
- Dawa ya viatu, brashi, sindano na uzi, kidogo zaidi ya mahitaji yako. Sababu iko hatua ya tano.
- Soksi nzito na fulana ya ndani ya baridi, kama barua inaruhusu. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa Pwani huisikia baridi ile mpaka mfupani. Pombe ya kwanza kambini mara nyingi hutolewa kwa jina la "dawa ya baridi". Mwenye soksi nzito ana sababu moja pungufu ya kuipokea.
- Mtu mmoja au wawili wa kufanya nao mazoezi ya kukataa.

## Hatua ya 1: Tenganisha amri, desturi na uhuni

Huwezi kukataa vizuri kitu usichokijua ni nini. Gawa ukurasa wa daftari mara tatu.

Safu ya kwanza ni amri halali. Kuamshwa saa tisa usiku, kukimbia na mzigo, kurudia gwaride mpaka miguu iwake, kusafisha choo ambacho hukukichafua. Haya hayakupendezi, lakini unayatii. Sheria ya Jeshi la Ulinzi la Kenya ya mwaka 2012 inahesabu kutotii amri halali kuwa kosa, na mafunzo kuwa makali si hoja ya kuyakataa.

Safu ya pili ni desturi: nyimbo za mbio, majina ya utani, kumpa mkubwa nafasi kwenye foleni. Hizi ziache zipite. Anayepinga kila desturi huchoka upesi, na siku ya jambo zito hakuna anayemsikiliza.

Safu ya tatu ni uhuni unaovaa nguo za desturi. Kumpiga mwenzako usiku "ili akomae". Kumvua nguo. Kumlazimisha anywe maji mpaka atapike. Hilo la maji watu hulichukulia kama mchezo, kumbe linaua: maji mengi mno kwa muda mfupi hushusha chumvi ya damu, ubongo ukavimba. Hata kwa kazi nzito juani, kupita lita moja na nusu hivi kwa saa ni hatari. Katiba ya 2010, kifungu cha 25, inasema haki ya kutoteswa na kutotendewa ukatili haiwezi kupunguzwa, na anayevaa sare hakuachwa nje ya kifungu hicho.

Dalili kwamba umefaulu: mtu akikutajia jambo lolote la kambini, unaweza kulitia safu yake kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

## Hatua ya 2: Andika "ikiwa… basi…" sita

Azimio la jumla, kama "nitakuwa na nidhamu", halisaidii mtu saa sita usiku. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwa nini: mtu aliyefunga tendo lake kwenye hali maalumu, hali ile ikifika tendo huja lenyewe bila kusubiri ujasiri. Andika hivi:

- Ikiwa nitapewa simu usiku, basi nitasema "Sishiki, ndugu yangu" na nitageukia ukutani.
- Ikiwa nitaambiwa niitikie jina la mtu asiyekuwepo, basi nitasema "Jina langu moja tu" kabla hesabu haijaanza.
- Ikiwa mwenzangu wa lindo atataka tulale kwa zamu, basi nitasimama na kutembea.
- Ikiwa nitapewa pombe, bangi au muguka (majani ya kutafuna), basi nitasema "Situmii" na mikono yangu itabaki mifukoni au nyuma.
- Ikiwa nitaitwa kwenda kumpiga mwenzetu, basi nitasema "Siendi, na yeye mwacheni" na nitakwenda kukaa karibu na kitanda chake.
- Ikiwa nitaambiwa nifiche kitu cha mwingine kwenye sanduku langu, basi nitasema "Hili halifunguki" na nitaondoka na ufunguo.

Kila sentensi iwe na maneno machache na tendo la mwili. Tendo ndilo muhimu zaidi. Mdomo unaweza kubembelezwa. Mtu aliyekwisha kugeukia ukutani ni kazi kumrudisha.

Kuhusu muguka, neno moja. Maskani nyingi za Kisauni, Majengo na Likoni zimeuzoea, na kwa kuwa umezoeleka sokoni kijana huona si kitu. Kambini haliulizwi swali la sheria ya soko. Linaulizwa swali la amri ya kambi, na kuruta mwenye mate ya kijani kwenye ukaguzi hana utetezi. Kama unautumia, acha wiki hizi mbili kabla ya safari, usingizi na hamaki ya siku za mwanzo vikuishie nyumbani.

## Hatua ya 3: Fanya mdomo uzoee

Hapa ndipo wengi huruka, kwa kuona haya. Sentensi ambayo hujawahi kuitamka kwa sauti haitatoka mbele ya watu wanane.

Chukua wenzako wawili, iwe ufukweni Nyali baada ya mbio za jioni au barazani nyumbani. Dakika kumi kila siku kwa siku tano. Wao wakushawishi kwa nguvu zote: wakucheke, wakuite mwoga, wakubembeleze, wakuambie "sote tumefanya, umebaki wewe". Wewe fuata mpangilio huu tu:

1. Mara ya kwanza, sema sentensi yako kwa sauti ya kawaida, ukimtazama usoni.
2. Mara ya pili, rudia maneno yaleyale. Usiongeze sababu.
3. Mara ya tatu, ondoka au geuka. Usijibu.

Usitoe sababu kwa kuwa kila sababu ina jibu. Ukisema "naogopa koplo atapita", utaambiwa koplo amelala. Ukisema "tumbo linaniuma", utaambiwa basi kesho. "Situmii" haina jibu.

Angalia pia sauti. Makosa mawili hurudi sana: kucheka unapokataa, jambo linalosikika kama ombi la kubembelezwa zaidi, na kupandisha sauti, jambo linalogeuza kukataa kuwa ugomvi. Unakataa tendo, mtu mwenyewe bado ni mwenzako, na kesho mtabeba mzigo mmoja.

Dalili kwamba umefaulu: wenzako wa mazoezi huishiwa maneno kabla yako, na moyo wako haupigi mbio kama siku ya kwanza.

## Hatua ya 4: Wiki ya kwanza, tafuta mmoja

Si watano. Mmoja anatosha, na kuna ushahidi. Katika majaribio aliyoanza kuyatangaza mwaka 1951, mwanasaikolojia Mmarekani Solomon Asch aliwapa watu kazi rahisi ya kulinganisha urefu wa mistari, wakizungukwa na kundi lililopangwa kujibu uongo kwa makusudi. Karibu robo tatu yao walikubali jibu la uongo angalau mara moja, ingawa macho yao yaliona ukweli. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, kukubali huko kulipungua sana.

Utamtambuaje? Usimtafute msemaji wala mcha Mungu wa maneno. Mtafute anayerudisha kitu alichoazimwa bila kudaiwa, asiyecheka mwenzake anapoanguka kwenye gwaride, anayeamka kabla ya kuitwa. Akiwa wa kabila au dini nyingine ni bora zaidi, maana kundi haliwezi kuwaita "nyinyi wa Pwani".

Mwambie waziwazi: "Mwenzangu, mimi mambo ya kuruka ua na simu siyataki. Wewe je?" Akijibu kama wewe, kubalianeni jambo moja dogo: mmoja akisema hapana, wa pili aseme "hata mimi" papo hapo. Basi. Msijitenge na wengine, msile peke yenu, msiwe na ishara za siri.

## Hatua ya 5: Jenga uzito wa neno lako

Kama ungesoma hatua moja tu, tungependa iwe hii.

Hapana ya kuruta mvivu haina uzito. Mtu anayechelewesha seksheni (kikundi chake kidogo) kila asubuhi, asiyejua kukunja blanketi, anayebebewa mzigo na wenzake, akija kusema "mimi sishiki simu" huambiwa anajipendekeza kwa maafande. Lakini aliyekushonea kifungo dakika tano kabla ya ukaguzi, au aliyechukua zamu yako ya kufagia ulipokuwa na malengelenge, akisema hapana unamwacha. Una deni naye.

Ndiyo maana ya ile dawa ya viatu ya ziada na sindano. Fanya haya kuanzia siku ya kwanza:

Maliza vyako mapema, kisha saidia mmoja. Ukaguzi ukiwa saa kumi na mbili asubuhi, uwe umemaliza kitanda na viatu robo saa kabla. Robo saa hiyo ndiyo mtaji wako.

Kwenye mbio ndefu usikimbilie kuwa wa kwanza kila siku. Kaa na wa nyuma mara kwa mara kama afande anaruhusu, umsukume kwa maneno. Watu humkumbuka aliyewangoja.

Pokea lawama yako unapokosea kweli, bila kumtaja mwenzako. Atakayekuja kukuita msaliti siku ya kukataa atakosa ushahidi.

Onyo: usisaidie ili ukumbushe. Siku utakayosema "mimi si nilikushonea?" uzito wote umeisha. Na msaada usivuke mpaka: kumfulia mwenzako soksi ni sawa, kumjibia mtihani wa ramani si sawa.

## Hatua ya 6: Usiku wenyewe

Vishawishi havifanani uzito. Haya ndiyo yanayojirudia, na jinsi kila kimoja kinavyomnasa mtu.

Simu. Hushawishiwi kuipokea kwanza. Unashawishiwa "uichaji tu" au "uishike dakika mbili". Anayeikuta mkononi mwako haulizi ni ya nani. Na picha moja ya wenzako wakiwa kambini, ikishafika mitandaoni, imeonyesha sura, jengo na mpangilio wa kambi kwa yeyote.

Sanduku lako. Kitu kilichokatazwa hakikai kwa mwenyewe, kinahamishiwa kwa mpole. Funga kila unapotoka, hata kwenda chooni. Ufunguo mmoja uuvae, wa pili uweke pahali pengine unapopajua peke yako. Ukikuta kitu kisicho chako ndani, usikitupe na usikirudishe kimyakimya. Kipeleke kwa koplo wa seksheni muda huohuo na useme mahali na saa ulipokikuta.

Kuitikia jina la asiyekuwepo. Hili huonekana wema. Fikiria aliyeruka ua akivunjika mguu mtaroni saa saba usiku: hakuna atakayemtafuta mpaka asubuhi, kwa sababu sauti yako ilisema yupo. Mwambie mapema, kabla hajaondoka, kwamba hutaitikia. Mara nyingi hilo peke yake humrudisha kitandani.

Lindo. Usingizi hauji kwa mtu anayetembea. Badilisha mahali pa kusimama kila baada ya dakika chache, kunywa maji kidogo, usiegemee kitu. Mwenzako akilala, mwamshe mara moja, mara ya pili mwambie utaita mkuu wa zamu, mara ya tatu ita. Usimpe onyo la nne.

Risasi na maganda. Baada ya shabaha kuna anayetaka ganda moja "la ukumbusho". Hapa hakuna mazungumzo wala mara tatu. Kila risasi na kila ganda huhesabiwa, na hesabu isipotimia kombania nzima itabaki uwanjani. Ukigundua umebaki na ganda mfukoni kwa bahati mbaya, inua mkono na useme hapohapo, hata kama tamko la "sina risasi wala ganda" limeshapita.

Njia ya mkato. Kwenye zoezi la ramani au mbio, kundi likikata kona wewe utafika peke yako na umechelewa. Fika umechelewa. Anayekata kona hajui eneo, na zoezi la usiku litamwonyesha.

Ua wa Mtongwe. Kwa anayetoka Likoni au Shelly, kusikia muziki wa mtaani kwao akiwa ndani ni mtihani mkubwa kuliko baridi ya Eldoret. Kubaliana na familia mapema: wasije karibu na ua, wasitume chakula kwa mtu wa tatu, na kukiwa na msiba wapitie kwa uongozi wa kambi. Habari ya msiba inayokuja kwa njia ya pembeni ndiyo inayowatoa watu kambini bila ruhusa.

## Hatua ya 7: Jua cha kuripoti na cha kuacha

Kuruta anayeripoti kila kitu na kuruta anayeficha kila kitu wote wawili ni hatari. Tumia mgawanyo huu.

Mwenzako kala biskuti usiku, kavaa soksi isiyo ya sare: nyamaza, au mwambie yeye mwenyewe.

Mwenzako ana simu au pombe: mwambie ana kwa ana, bila watu, aiondoe kabla ya gwaride la asubuhi. Asipoiondoa, mwambie utakwenda kwa koplo, kisha nenda kweli. Kitisho kisichotimizwa kinakufanya mshirika.

Silaha, risasi, dawa za kulevya, mtu aliyeumia, mtu aliyetoweka, kupigwa au kuguswa kingono: ripoti saa ileile, bila onyo kwa yeyote.

Anza kwa koplo wa seksheni, kisha sajenti wa platuni, kisha afisa. Ikiwa mkosaji ni mmojawao, mruke uende kwa aliye juu yake, au kwa daktari wa kambi, au kwa kasisi au imamu wa jeshi. Sema mambo manne tu: nini, wapi, saa ngapi, nani aliona. Maoni yako kuhusu tabia ya mtu yaache.

Na afande akikupa amri unayoiona ni ya uhuni? Usimkatalie kwa ukali. Simama sawasawa na uombe kueleweshwa: "Afande, naomba kurudia amri: nimpige kuruta huyu kwa mkanda?" Mtu anayesikia maneno yake yakirudishwa kwa sauti mbele ya wengine mara nyingi huyabadilisha. Asipoyabadilisha, sema "Afande, hilo siwezi," ubaki umesimama, na uripoti juu. Njia hii ni ya safu ya tatu ya daftari lako pekee. Ukiitumia kukwepa mbio utastahili adhabu utakayopata.

## Hatua ya 8: Kundi likiadhibiwa kwa ajili yako

Itatokea. Wataambiwa watambae wote, na usiku utasikia "umetuponza". Tambaa nao, tena mstari wa mbele. Usieleze upande wako siku hiyo. Watu waliochoka hawasikii. Endelea na hatua ya tano kama kawaida. Ubaridi wa wenzako kwa kawaida hulegea kazi nzito inayofuata ikija, wakihitaji mikono yako. Ukigeuka kuwa vitisho au kipigo, umekwisha kuwa jambo la kuripoti saa ileile.

## Ukishateleza

Wanaoharibikiwa kabisa ni wale wanaoendelea kwa kuwa "nimeshachafuka". Kosa la kwanza ndilo kamba utakayovutiwa nayo: "kumbe wewe si ulishika jana?" Ikate siku hiyohiyo. Nenda kwa koplo kabla hajaja kwako, useme: "Afande, jana usiku nilitumia simu isiyo yangu. Nimekosa. Niko tayari kwa adhabu." Usisubiri Jumatatu. Ukiulizwa ya nani, usidanganye.

## Ukipewa ruhusa kuja Mombasa

Wenzako wa mtaani watakuambia "lala, utaondoka kesho". Fanya hesabu mbele yao. Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni kilomita 800 hivi. Feri ya Likoni ina foleni yake, treni kutoka Miritini hadi Syokimau ni saa tano hadi sita, kisha uvuke Nairobi kutafuta basi, na basi nalo saa sita hadi nane malori yakikubali. Ukitakiwa kuripoti Jumapili saa kumi na mbili jioni, toka nyumbani Jumamosi asubuhi. Kata tiketi ya kurudi siku unayofika, umkabidhi mama au mlezi aishike yeye, na mwambie asikupe siku nyingine yoyote isipokuwa ile iliyoandikwa juu yake.